Sahihi ya Shangazi Drusilla

Mwaka 1958 kijiji chetu cha Gull Bight, kusini mwa Newfoundland, kilikuwa na nyumba kumi na moja, kanisa moja dogo la mbao, na shule isiyo na mwalimu. Serikali ilikuwa tayari kutusaidia kuhamia Southern Neck, ng'ambo ya ghuba, penye barabara, daktari na kiwanda cha samaki. Sharti lilikuwa moja: wahame wote au asihame yeyote. Nyumba kumi zilikuwa zimekwisha kutia sahihi. Ya kumi na moja ilikuwa ya shangazi yangu, Drusilla Fudge.

Alikuwa mjane wa miaka sitini na moja, mfupi, mwenye mikono mikubwa kama ya mwanamume. Ndiye aliyekuwa mkunga wetu. Na kwa kuwa kasisi alitufikia mara mbili tu kwa mwaka, ndiye pia aliyetuongoza katika sala na kuwasomea wafu wetu maneno ya mwisho. Mimi, Effie, nilikuwa binti wa kaka yake, nina miaka ishirini na miwili.

Watu walidhani anakataa kuhama kwa ajili ya kaburi la mumewe. Mwanzo walimhurumia. Kufikia Septemba huruma ilikuwa imewaishia. Siku moja tulikuwa tunageuza samaki wa chumvi juani, jirani yetu Lambert Pardy akashindwa kuvumilia.

"Drusilla, hivi unangoja nini? Serikali ije ikupigie magoti?"

"Nangoja ufunge mdomo, Lambert. Na hilo naona litachukua muda."

"Wajukuu zangu wanne hawajaona ubao wa shule, mwaka wa pili huu."

"Wote wanne niliwapokea kwa mikono hii."

"Uliwapokea, sawa. Sasa waachilie."

 Shangazi aligeuza samaki mmoja, kisha mwingine, mpaka Lambert akaenda zake. Tangu siku hiyo watu wakapunguza kupita kwake. Zamani mtu hakurudi kutoka baharini bila kumwachia kitoweo mlangoni, lakini Oktoba ile ni baba yangu peke yake aliyempelekea.

Mwezi huohuo akafariki mzee Hezekiah Rose. Siku ya maziko upepo ulikuwa mkali, nikasimama bega kwa bega na Shangazi ili nimshikie kurasa. Alianza kusoma sala ya maziko kwa ile sauti yake nzito, nami nikatupa jicho kitabuni. Kilikuwa kitabu cha tenzi. Ukurasa uliokuwa wazi mbele yake ulikuwa wa wimbo wa Krismasi. Lakini maneno yaliyomtoka yalikuwa ya maziko, moja baada ya jingine, bila kukosea, na kila alipofika penye kituo alilamba kidole akafunua ukurasa.

Jumatatu iliyofuata, mchana, nikaenda kwa Shangazi. Nilimkuta anakanda unga wa mkate.

"Shangazi, juzi ulishika kitabu cha tenzi."

Akaendelea kukanda. "Vinafanana."

"Vinafanana kwa nje."

Mikono ikasimama.  "Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Hata baba yako?"

"Hata baba."

Akanawa mikono, akaketi. Akanieleza kwamba alitolewa shule akiwa na miaka saba ili akaanike samaki, kabla hajajua hata kutofautisha herufi. Mwalimu mzee aliyekuwa akiongoza sala alipofariki, watu walimwambia: Drusilla, wewe unayajua maneno, shika kitabu. Ni kweli aliyajua, alikuwa ameyasikia tangu utotoni. Akakishika.

"Ningeanzaje kusema, mwanangu? Mwaka wa kwanza niliona haya. Mwaka wa kumi nikaona nimechelewa."

"Na karatasi ya serikali?"

"Yule bwana wa serikali aliniwekea mezani, akasema, soma kwa makini mama, kisha utie sahihi hapa. Mbele ya watu wote, na wote wananitazama mimi. Nikasema sitaki. Hilo ndilo neno lililokuwa karibu."

"Kumbe hukatai kuhama?"

"Sijui. Sijafika mahali pa kujiuliza."

"Lakini ungeweza kutia alama ya msalaba. Lambert si alitia msalaba?"

"Lambert hajawahi kusimama mbele ya kaburi la mama wa mtu, kitabu mkononi," alisema. "Mimi nimesimama mara arobaini na tatu."

Tukaanza masomo siku ileile. Daftari na kalamu hatukutumia, maana mtu akiingia ghafla angetuuliza. Shangazi, kama wanawake wote wa pwani yetu, alikuwa akitengeneza mikeka ya matambara kila majira ya baridi: unatandaza gunia kwenye fremu, unachora maua kwa mkaa, kisha unapitisha vipande vya nguo kuukuu kwa ndoana ndogo. Basi badala ya maua nilimchorea herufi. D aliitengeneza kwa suruali ya marehemu mumewe. S ilimtoa jasho, akaifumua mara tatu. "Hii herufi imelewa," alisema. Mtu akibisha hodi tulifunika fremu kwa shuka.

Kijiji kizima kiliamini ninakwenda kumbembeleza ahame. Jioni baba aliniuliza, "Mmefika wapi?" nami nikamjibu kwamba tunakwenda polepole, na sikuwa nimedanganya. Krismasi ilipofika Shangazi alikuwa anasoma maandishi ya kwenye magunia ya unga na makopo ya maziwa. Alikuwa mwanafunzi mgumu, mwenye hasira, anayetaka kujua kwa nini herufi moja ina sauti mbili, kana kwamba ni mimi niliyepanga hivyo.

Februari akaniletea bati la majani ya chai. Ndani mlikuwa na barua za mwanawe Selby, ambaye tangu 1947 alikuwa akifanya kazi kiwanda cha chuma huko Ontario. Mama yangu ndiye aliyekuwa akimsomea barua hizo hadi alipofariki, miaka miwili kabla ya hapo, na Shangazi siku zote alisingizia macho. Akachagua moja ya mwaka 1951, akaanza kuisoma kwa kidole, neno kwa neno. Theluji. Koti jipya. Kisha kidole kikasimama.

"Hapa pameandikwa nini?"

Nikaisoma kwanza kimoyomoyo. Sikutaka kujibu.

"Effie."

"Vidole, Shangazi. Anasema mashine ilimkata vidole viwili vya mkono wa kushoto. Anasema usihofu, amepona."

 Barafu ilikuwa inapasuka huko ghubani, tunaisikia.

"Mama yako alinisomea barua hii mara mbili," alisema hatimaye. "Alinisomea theluji na koti. Mpaka rangi ya koti."

"Alikuwa anakuhurumia."

"Najua. Wifi yangu alikuwa na moyo mwema." Akaikunja barua. "Miaka minane mwanangu anajua kwamba mama yake aliambiwa habari ya vidole vyake, na mama hakuandika hata neno moja la pole."

Akainuka, akatia kuni jikoni, akabaki amenipa mgongo. "Hawa wajukuu wa Lambert nao," alisema, "watakuja kusomewa na nani?"

Mwisho wa Mei, barafu ilipokwisha kutoka, yule ofisa wa serikali akarudi na boti yake. Tukakusanyika shuleni. Shangazi alikaa mstari wa mbele, amevaa kofia ya kanisani. Ofisa alipouliza kama msimamo bado ni uleule, alinyoosha mkono.

"Nipe niisome."

Alisimama, akaisoma kwa sauti, yote, kidole chini ya kila mstari. Ilichukua muda. Watu walianza kutazamana.

"Hata mtoto angekuwa amekwisha zaliwa," Lambert alinong'ona, kwa mnong'ono wake unaosikika hadi nje.

"Wewe mama yako alikuhangaikia siku mbili," Shangazi alisema bila kuinua kichwa. "Ngoja." Alipomaliza akamtazama ofisa. "Humu mmesema mtatusaidia kuhama. Hamkusema nyumba zetu, tukizivuta hadi huko, zitakaa wapi."

"Hilo linaeleweka, mama. Kuna viwanja."

"Linaeleweka kwa nani? Mimi nimesoma yote, sikuliona. Liandike."

Ofisa alimtazama, akatutazama sisi. Watu kumi walikuwa wametia sahihi karatasi ile na hakuna aliyeuliza. Akatoa kalamu, akaandika: kiwanja kwa kila nyumba, pembeni mwa maji. Akaweka jina lake chini. Kisha Shangazi akashika kalamu na kuandika Drusilla Fudge, polepole, S ikiwa imepinda kidogo.

"Tangu lini unasoma hivyo, kidole kwa kidole?" Lambert aliuliza.

Angeweza kusingizia macho. "Tangu majira haya ya baridi," alisema. "Kabla ya hapo nilikuwa sijui kusoma."

 Mke wa Lambert ndiye aliyepata sauti. "Na maziko ya mama yangu?"

"Niliyasema yote, mpenzi. Sikuruka neno."

Mama yule akasogea kwenye benchi na kumpisha Shangazi akae kando yake. Watu wakarudi kuzungumzia viwanja. Siku mbili baadaye Lambert alinikuta kisimani, akaangalia huku na huku. "Effie," alisema, "jina langu lina herufi ngapi?"

Tulihama Julai mwaka uliofuata. Tulifunga mapipa matupu chini ya kila nyumba, tukaisukuma hadi majini kwenye magogo, bahari ilipojaa ikaelea, na mashua tano za injini zikaivuta. Ya Shangazi ilikuwa ya mwisho. Yeye alikaa kwenye mashua ya baba, amepakata saa ya ukutani na paka. Hakulia, lakini hakuangalia nyuma wala mbele. Aliangalia saa.

Viwanja vilikuwa pembeni mwa maji, kama ilivyoandikwa, ila karibu mno na kiwanda, na upepo wa mashariki ulituletea harufu yake ndani hadi kwenye mito ya kulalia. Mwanzoni wenyeji walituita watu wa mapipa. Watoto waliingia shule Septemba. Shangazi hakuzaliwa upya huko. Mpaka kufa kwake, mwaka 1975, alisema viazi vya Southern Neck havina ladha. Barua kwa Selby aliandika kwa mkono wake, ya kwanza ikiwa na mistari minne, na Selby akaja kiangazi kilichofuata.

Kitu kimoja hakukikubali kabisa. Wenye mipango walikuwa wameagiza kila nyumba ielekee barabarani. Kwa hiyo sebule yake, ambayo haikaliwi na mtu isipokuwa kasisi au maiti, ndiyo ikaangalia barabara pamoja na magari yote, na jiko likawa nyuma linatazama maji, jambo ambalo ungedhani lingempendeza. "Mimi maji nimeyatazama miaka sitini," alisema. "Sasa nataka kuona nani anapita." Akamwita baba, wakabeba jiko la chuma hadi sebuleni, wakatoboa ukuta ili kupitisha bomba la moshi. Wenyeji walicheka sana. Kabla ya majira ya baridi kufika, nyumba tatu nyingine za watu wa Gull Bight zilikuwa zimetoboa kuta zao.