Miche Elfu Moja na Tisa

Nakumbuka asubuhi moja ya jua, msimu wa mvua za vuli hapa kijijini Chonyonyo, mwanangu, nilipokaribia kufukuzwa kwenye kikundi kwa sababu ya mche mmoja wa kahawa.

Tulikuwa vijana saba, tunalea kitalu kimoja kwenye shamba la Bibi Koku. Wazazi wangu walikuwa wametoka Burundi, na mimi ndiye niliyejiunga mwisho. Maji nilibeba kama wenzangu, tena zaidi, lakini mgeni ni mgeni. Siku ya kugawana, kiongozi wetu Kamugisha akahesabu miche: elfu moja na tisa. Kila mtu mia moja arobaini na nne, ukabaki mmoja. Loo! Huo mmoja ulituvuruga akili. Kila mtu anautaka yeye.

"Tupungue," akasema Kamugisha, akanitazama. "Nyandwi alichelewa kujiunga. Tukiwa sita itagawanyika."

Nyumbani hatukuwa na kahawa hata shina moja. Miche ile ndiyo iliyokuwa tegemeo letu.

Akapiga hesabu chini kwa kijiti. Watu sita, umebaki mmoja. Basi atoke na mwingine, wawe watano: ikabaki minne, balaa juu ya balaa! Wanne, mmoja. Watatu, mmoja. Wawili, mmoja tena. Wenzangu wakaanza kutazamana vibaya, kila mtu anajiuliza zamu yake lini. Mimi, Mungu anisamehe, nikacheka.

Bibi Koku alikuwa pembeni, anamenya ndizi. Akaweka kisu chini.

"Endeleeni kufukuzana, wajukuu zangu. Akibaki mmoja peke yake, hapo itagawanyika vizuri kabisa. Halafu nani atamsaidia kuchimba mashimo yote hayo?"

Kamugisha akafuta hesabu yake kwa mguu, akaanza kuhesabu miche upya, na fungu la kwanza akanipa mimi. Ule uliobaki tukampandia Bibi karibu na jiko lake.

Juzi mjukuu wangu kaniambia shuleni namba kama hiyo elfu moja na tisa wanaiita namba tasa: haigawanyiki sawa ila kwa moja na kwa yenyewe. Nikamwambia, sisi tuliijua juani, miche ikitaka kunyauka!

Basi, mwanangu, nisikilize vizuri. Hesabu ikikataa kutoka sawa, usitafute mtu wa kumtoa. Ukimtoa mmoja leo, kesho utahitaji kumtoa mwingine, na kidole kimoja hakivunji chawa. Kinachobaki mpe mtu kwa moyo mweupe, kisha nendeni mkapande. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi niliyekuwa mgeni, leo ndiye mwenyeji, na nashukuru.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe mvua kwa wakati wake, na mlangoni pako pasikose mtu wa kubisha hodi.