Mtu wa Mradi

Niliondoka Busia asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani ya mihogo, bila kujua naenda wapi. Nilijua tu mahali ambapo sikutaka kuonekana: kwenye stoo ya nafaka, mbele ya mama mmoja aliyenishikia kazi yangu.

Dereva wa lori la saruji alisimama kunichukua.

"Wapi, boss?"

"Mbele."

Akacheka, akafungua mlango.

Stoo ile hupokea mahindi na maharagwe yanayovuka kutoka Uganda. Kina mama huchambua, wapakiaji hubeba, na mimi nilikuwa nikishona midomo ya magunia kwa sindano ndefu. Ni kazi isiyoisha. Kisha ukaja mradi wa kujenga sakafu ya kukaushia nafaka, na mkubwa wetu akataka watu wachache wa kumsaidia fundi. Nilijitokeza kabla hajamaliza kusema. Shule niliiacha mapema, lakini kitu kipya hakinipiti hivi hivi. Nilitaka kujua sakafu inainamishwaje ili maji yasisimame. Hakuna aliyeuliza nani atashona. Mkubwa alidhani kazi ya kila siku hujifanya yenyewe, na mimi ilinifaa kudhani hivyo pia.

Mmoja wa wale kina mama aliacha kuchambua, akashika sindano. Nilimwonyesha haraka haraka, nikavaa fulana ya mradi, nikaenda. Sisi wa mradi tulipikiwa nyama, tukala upande wetu. Wa stoo walibaki na sufuria yao moja ya nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ambayo nilikuwa nimeila miaka yote. Siku moja malori yalifuatana huku mvua ikinukia, na mama akaniita nimsaidie kidogo. Nilikuwa nimekaa tu kivulini.

"Mama, mimi niko mradi," nikamjibu.

Wapakiaji walisikia.

Sakafu ilipoisha nilirudi, nikanyoosha sahani yangu kwenye nyoyo. Wapakiaji wakaanza:

"Mtu wa mradi! Nyama imeisha?"

"Mpeni polepole, meno yamesahau mahindi!"

Mama akanipakulia. Vidole vyake alikuwa amevifunga vitambaa.

Mkubwa akapita, akasema hataki washonaji wawili. "Kubalianeni wenyewe. Kesho nimpate mmoja." Nafasi ya mama ya kuchambua ilishapewa mtu mwingine, akikosa kushona, ni kwenda nyumbani. Hata hivyo akanipa sindano.

"Shika kazi yako, mwanangu. Mimi nilikuwa nakushikia tu."

Nilipaswa kukataa palepale. Badala yake niliichomeka kwenye ukosi wa shati na kusema asante, kama mtu aliyerudishiwa jembe lake.

Kule Malaba, mji mwingine wa mpakani, yule dereva wa saruji alinishusha mwisho wa foleni ya malori. Nilipata chumba nyuma ya kinyozi. Nilipovua shati, sindano ikanichoma shingoni. Nilikuwa nimeisahau. Nikampigia mpakiaji mmoja.

"Mtu wa mradi! Umetorokea wapi?"

"Mwambie mama kazi ni yake. Mimi sirudi."

"Mwambie mwenyewe, si huyu hapa."

Nilisikia lori likirudi nyuma, watu wakilipigia kelele, kisha pumzi ya mtu aliyechoka.

"Mama, kazi ni yako," nikasema.

"Nimejua ulipokosa kuja. Ungeniaga tu. Na sindano?"

"Ninayo."

"Hii nimeazima kwa jirani inanipinda mkononi. Ilete. Usimpe mtu wa boda. Ilete wewe."

Mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo, akingoja nimalize.

"Unakaa, ama unapita?"

"Nakaa," nikamwambia. "Lakini kesho asubuhi lazima kwanza nirudi Busia."