Bati la Taa ya Samaki

Kila ninapomimina siki kwenye birika langu hapa Mbale ili kuondoa ukoko mweupe wa maji, namkumbuka mama, na hamu ya chai huniisha. Wanangu hudhani ni harufu tu.

Tulikaa Bugembe, kando ya Jinja. Baba, Mkenya aliyeendesha malori mpaka mgongo ukamkatalia, alinunua taa kuukuu za matangi ya samaki wa mapambo kutoka hoteli na ofisi za Jinja, akazifufua. Mwili mzima alinuka kachumbari. Ndani ya kila taa kuna bati la kung'aa linalorudisha mwanga majini, na mabati hayo yalimfikia yakiwa na madoa meupe, magumu, ya maji yaliyoruka na kukauka. Baba alilaza juu yake kitambaa kilicholowa siki, akasubiri, kisha akafuta polepole kwa fulana kuukuu, kuelekea upande mmoja tu. Majivu aliyapiga marufuku. Mimi, kama wasichana wote wa mtaani kwetu, nilisugua sufuria kwa majivu mpaka zikang'aa, kwa hiyo nilimwona baba ana madaha.

"Hii si sufuria," alinifokea. "Ukiikwaruza imekwisha, haioneshi kitu tena."

Mwaka huo mama aliugua. Alikonda, nywele zikanyonyoka, midomo ikapasuka. Siku moja kioo cha ukutani kikatoweka. Baba alisema kimevunjika, nami sikujiuliza vipande viko wapi. Nilikuwa na miaka tisa, na nilitaka kitu kimoja tu: mama anisifu kama zamani.

Asubuhi moja baba alipokwenda kutafuta nyaya, nilichukua bati lenye madoa mengi kuliko yote. Nilifuata masharti yake yote: siki, subira, fulana, upande mmoja. Likatakata. Nikalikimbiza kitandani kwa mama.

"Mama, ona kazi yangu!"

Mama alikuwa mzaliwa wa Nakaloke, na Kiswahili chake alikipata kwa baba. "Lete, mi naona," alisema.

Nikalishika mbele ya uso wake. Alitazama kwa muda mrefu. Akagusa shavu, kisha mdomo. Nilisubiri huku nikitabasamu kama mjinga.

"We nasafisha muzuri sana, mutoto yangu," alisema hatimaye, akageukia ukutani.

Baba aliporudi alinikuta nikiringa na bati langu. Nilipomsimulia, hakunipiga. Alilichukua, akaenda jikoni, akachota majivu kwa kiganja na kulisugua huku na huko, mpaka likafifia kabisa. Kisha akalitupa nyuma ya nyumba. Nililia kwa hasira. Nilimchukia siku ile, nikidhani anaionea wivu kazi yangu.

Mama alifariki wiki chache baadaye, tukamzika kwao Nakaloke. Siku ya kufungasha vitu vyake niliona kile kioo cha ukutani, kizima, kimeviringishwa ndani ya shuka chini ya godoro. Hapo ndipo nilipoyaelewa majivu ya baba.

Maneno ya mama nilichelewa zaidi kuyaelewa, mpaka nilipozaa wangu. Alikuwa ametoka tu kuona kwamba anakufa, na jambo la kwanza alilofanya ni kunisifu, kwa sababu nilikuwa nimesimama pale nikisubiri.