Nilimwondoa Baba rangi, sasa ananiita mwenye kumzika

Wasomaji wa ukurasa huu, jina langu admin analijua, ninyi niacheni bila jina. Nina miaka ishirini na nane, sijaolewa, naishi hapa Bunia, mtaani, kartie ya Lumumba. Kazi yangu ni kupiga picha kwa simu. Sina kamera kubwa, na wengi wamenicheka kwa hilo, lakini kwa simu hii yenye kioo kilichopasuka nimezunguka Ituri yote ninayoweza kufika. Naweka tone la maji juu ya lensi nione miguu ya siafu. Napiga watu kupitia chandarua, kupitia chupa, kupitia moshi wa kuni. Mtu akiniambia hiyo haiwezekani, siku hiyo silali mpaka nijaribu. Kiburi hicho ndicho kimenifikisha hapa.

Baba na Mama wanaishi Kpandroma. Miezi miwili iliyopita niliwatembelea. Asubuhi moja Baba alirudi shambani amechoka, akaketi mlangoni, akaegemeza kichwa ukutani na kufumba macho. Mwanga ulikuwa umemlalia shavu moja, mzuri ajabu. Kofia yake nyekundu tu ndiyo iliharibu kila kitu, ilivuta macho yote. Basi nikaiondoa picha rangi, ikabaki nyeusi na nyeupe. Nikaiweka mtandaoni na kuandika maneno mawili: «Pumzika, Baba.» Kisha nikapanda pikipiki nikateremka vijijini kutafuta picha nyingine, kule ambako hakuna rezo, simu haishiki.

Najua mnachofikiri. Hapa kwetu mtu akiondolewa rangi kwenye picha, maana yake amekufa, watu hawasomi hata maneno, wanatafuta kitenge cha kilio. Na mimi nikaongeza hilo neno «pumzika». Mimi ambaye nimezaliwa hapa, nimeona picha za namna hiyo mara ngapi. Siku ile niliona mwanga tu.

Watu walipiga simu yangu, haikupatikana. Ya Mama haikuwa na moto, betri ilikuwa imeisha. Baba hana simu. Kesho yake asubuhi kundi la ndugu likaingia uani likilia, Baba akiwa anachambua maharagwe. Mama ndiye aliyenisimulia. Baba alisimama akauliza, «Munalia nani?» Mmoja akajibu, «Ni weye, muzee. Mutoto yako alitia photo.» Wengine wakaanza kucheka kwa furaha, na Baba naye akacheka.

Walikuwa bado wanacheka ilipokuja habari ya shangazi yangu. Alikuwa dada pekee wa Baba, aliishi Nyankunde. Aliposikia kaka yake amekufa hakungoja hata mvua ipite, alipanda pikipiki. Iliteleza kwenye matope kabla ya kufika Kpandroma. Alikufa palepale, na mkeka wa kulalia matangani umefungwa mgongoni mwake. Kilio kilichokuja kwa Baba kikabaki hapohapo kwa dada yake.

Nilipofika nyumbani Baba hakunipiga wala hakunitukana. Natamani angenipiga. Aligeuza uso, akawaambia watu, «Mumuambie, yeye alisha nizika. Mufu hasemake.» Tangu siku hiyo hajaniambia neno. Nimekwenda mara tatu, nimepiga magoti, nimemtuma mchungaji. Mlango ni ule ule, umefungwa. Mimi ni mtoto wake wa pekee, jamani. Nikisikia mtu barabarani anaita «papa» machozi yananitoka.

Juma lililopita Mama alinipigia. Sauti yake ilikuwa na nguvu kidogo. «Baba yako amesema,» aliniambia. «Anasema, ule mutoto alikuwa anapiga dada yangu photo kila siku. Alete moya tutie ku musalaba ya kaburi. Akileta ile, ataingia mu nyumba.» Nikamjibu haraka, «Mama, nitaleta.»

Nikafungua simu. Shangazi alikuwa mtu wangu wa kujaribia kila kitu, nina picha zake karibu arobaini. Mikono yake ikimenya mihogo. Kivuli chake ukutani. Kisogo chake na kapu. Mdomo tu, nyuma ya chandarua. Hakuna hata moja yenye uso wake wote. Alikuwa akiangalia simu yangu na kuuliza, «Na sura yangu uliiachaka wapi?» Nami najibu kwa maringo, «Shangazi, hii ni ar, ni sanaa.» Anasema, «Basi ar yako haipendake watu.» Tulikuwa tunacheka wote wawili.

Nimetafuta kila mahali. Picha zake za zamani ziliungua na nyumba wakati wa kukimbia vita. Kadi yake ya kupigia kura imefutika, umebaki ukungu tu.

Rafiki yangu mmoja anayechapa picha hapa mjini akaniambia, «Muzee na dada yake waliringana sura. Nipe ile photo ya muzee.» Alichukua picha ile ile, akaifungua macho kwa programu, akalainisha ngozi, akavisha kitambaa na herini, akaitia rangi. Akanigeuzia simu. Wasomaji, alikuwa shangazi. Nililia mpaka watu wa dukani wakatoka kuuliza.

Sasa ninayo. Nikiipeleka, Baba atanifungulia mlango, na nitakuwa nimeweka sura yake mwenyewe juu ya kaburi, nimemzika mara ya pili. Na je, akijitambua? Nikimpelekea mikono na kisogo, nimwambie kweli kwamba katika picha arobaini sikumwangalia dada yake usoni hata mara moja, najua atafunga mlango huo mpaka afe.

Msalaba unasimikwa Jumamosi ijayo. Jana Mama ameuliza tena, «Unaleta?» Nimesema naleta. Sijui naleta nini. Ninyi wenye baba, nishaurini kabla ya siku hiyo: nimpe uso ambao si wa dada yake, au nimpe mikono?