Karatasi za Kufungia Mapanki

Harufu ya mapanki yakikaangwa ilipanda kutoka bondeni Mirongo tangu asubuhi, ikatuamshia njaa mimi na mdogo wangu Neema. Minofu ya sangara ilikuwa imeanza kusafirishwa Ulaya kwa ndege. Sisi wa Mwanza tuliachiwa vichwa na mifupa, ndiyo mapanki yenyewe, na mwaka ule hata hayo yalitushinda. Baba alikuwa amepunguzwa kazini katika chuo cha ualimu, alikofundisha uchoraji kwa miaka mingi. Aliambiwa somo lake halina tija. Baadaye kifua kikamlaza kitandani. Mama akavuka kwenda Ukerewe kuomba msaada kwa ndugu zake, akaniambia atarudi baada ya siku tatu. Siku ya nane alikuwa hajarudi. Nilikuwa na miaka kumi.

Chini ya kitanda cha baba kulikuwa na sanduku la bati. Upande mmoja alilaza michoro yake, upande wa pili maandishi: karatasi nyingi alizoandika kwa mkono kuhusu namna ya kumfundisha mtoto kukitazama kitu kabla ya kukichora. Alitaka siku moja yawe kitabu.

Mama Kulwa, jirani aliyekaanga mapanki, alilalamika kwamba hana karatasi za kufungia. Nikampelekea madaftari yangu, akanipa vichwa viwili. Madaftari yalipokwisha, nilisubiri baba asinzie, nikafungua sanduku. Michoro sikuigusa, maana niliiona mizuri. Nilichukua maandishi, kidogo kidogo, kwa siku sita, na kila siku baba alikunywa supu ya vichwa vile bila kuuliza vimetoka wapi. Nadhani aliogopa kuuliza.

Siku ya saba tangu nifungue sanduku, baba alipata nguvu kidogo, akaketi, akavuta sanduku. Nilimsikia akipekua hadi chini. Aliponiita nilimweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni. Alivaa shati, akaniegemea begani, tukateremka hadi kwa Mama Kulwa, akisimama kila baada ya hatua chache ili akohoe. Mama Kulwa alimsikiliza hadi mwisho, akajishika kichwa. Zilikuwa zimebaki karatasi nne.

“Nisamehe, mwalimu,” alisema. “Mtoto aliniambia ni za kutupa.”

Nilikuwa nimesema hivyo kweli.

Njiani nilingoja kipigo. Baba aliuliza jambo moja tu.

“Neema alikuwa anashiba?”

“Alikuwa anashiba, baba.”

Akaketi juu ya jiwe, akalia mbele za watu, mtu mzima, mwalimu, nami sikujua niyaweke wapi macho yangu.

Mama alirudi kesho yake na mihogo. Baba hakuandika tena. Alifariki kabla mvua hazijakwisha.

Leo michoro yake imehifadhiwa Dar es Salaam, katika chumba chenye ubaridi, kila mchoro ndani ya bahasha yake, na wageni hunawa mikono kabla ya kuigusa. Mwezi uliopita mhifadhi, binti mpole wa rika la mwanangu mkubwa, alinionyesha orodha, akauliza kama familia tunajua maandishi yalipo, kwa kuwa wanafunzi wa baba, sasa wazee, bado wanayaulizia. Wanangu hawajawahi kulala njaa, nao wangeuliza kwa upole uleule. Nilimwambia tuliyala. Alidhani hakusikia vizuri, akainua macho kutoka kwenye orodha, ikanibidi nirudie.