Krismasi Niliyowafutia Watu Kumbukumbu

Mimi ndiye niliyetaka bomba la kupulizia dawa ya kahawa liwe mashine ya kufuta kumbukumbu za watu. Nilipolitamka hilo mbele ya vijana wenzangu wa parokia, chumba kizima kilipasuka kwa kicheko. Nilikasirika. Mimi hukasirika upesi, nilizaliwa hivyo, na enzi zile nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimekaa tu nyumbani Kirua Vunjo sina kazi wala shule, kwa hiyo hasira zilikuwa karibu zaidi. Niliwaambia wacheke wamalize, kisha mwenye mashine bora kuliko hiyo ailete. Hakuna aliyekuwa nayo. Bomba likapita.

Kila mwaka, kesho yake ya Krismasi, vijana tulicheza igizo kwenye uwanja wa shule ya msingi jirani na kanisa. Siku zile watu wote wanakuwa wamerudi mlimani kutoka Dar, Arusha na Nairobi, magari yamebanana kwenye vijia vya migombani, na watoto wa mjini wanashangaa ng'ombe kukaa ndani. Na kila mwaka tuliwachezea yale yale: mume mlevi, mkwe mkorofi, Herode. Nilikuwa nimemchoka Herode! Nilitaka watu waone kitu ambacho hakijawahi kuonekana mlima huu tangu uumbwe.

Kitu chenyewe nilikipata kwa kaka yangu. Yeye alikuwa mpagazi, anabeba mizigo ya wageni wanaopanda mlima kupitia Marangu. Alinisimulia juu ya mgeni mmoja wa miraba minne, taa kichwani, koti limevimba kama godoro, ambaye walipokaribia kileleni alikaa juu ya jiwe akamuuliza kiongozi, "Mimi ni nani? Na hapa ni wapi?" Hewa ya kule juu ilikuwa imemchezea akili. Ikabidi ashushwe huku ameshikwa mkono, na njia nzima alitii kila alichoambiwa. Ameambiwa kaa, anakaa. Ameambiwa twende, anakwenda. Akaliokota hata begi la mpagazi akalibeba mgongoni bila kuombwa, yeye aliyelipa ili abebewe. Kaka aliisimulia hadithi hiyo akicheka hadi machozi, lakini mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshawaona kichwani mwangu, watu wamefika mahali pasipo pao, wamesahau walikotoka, na kuna mtu amewatwisha mizigo.

Igizo nililiandika kwa wiki moja. Wasafiri hodari wanaondoka duniani kwa chombo, wanafika kwenye nyota ya mbali kutafuta mambo mapya. Mtawala wa nyota hiyo anawakaribisha vizuri, anawasogelea, kisha anawapulizia dawa. Wanasahau majina, wanasahau mama zao, wanasahau dunia yenyewe, na wanachumishwa kahawa isiyokwisha na kubebeshwa magunia. Katika onyesho la tatu mmoja wao anaanza wimbo wa kwao, na wimbo huo unawarudishia kumbukumbu mmoja mmoja. Mtawala nilikuwa mimi. Nani mwingine angeweza?

Nahodha wa wasafiri nilimpa kaka, na hapo nilikuwa na shida yangu. Mwaka ule bei ya kahawa ilikuwa imeshuka mpaka ikawa aibu kuitaja mbele ya wageni. Kaka, bila kumwambia mtu, aling'oa safu nzima ya mibuni iliyopandwa na babu kihambani, shamba letu la urithi, akapanda nyanya. Baba alikuwa amekwenda msibani Rombo. Aliporudi akakuta mashimo. Hakupiga kelele, na ingekuwa heri kama angepiga. Alimwambia kaka atoke, na asirudi. Kaka akateremka Himo akapanga chumba, na kutoka hapo ndipo akawa anapanda mlima na mizigo ya watu. Bibi, mama yake baba, alimsema mwanawe mpaka akachoka. Baba alikuwa anangoja aombwe msamaha, kaka anangoja aitwe, na mama alizidi kukonda huku akisema ni joto. Tulikuwa tunaelekea Krismasi ya kwanza bila yeye nyumbani. Nilimpa unahodha ili angalau apande Kirua kwa ajili ya mazoezi, na ili siku ya igizo baba amwone kwa macho yake. Mpango wangu uliishia hapo. Kwamba baba atamwona na kisha itakuwaje, sikujua.

Mazoezi yalikuwa raha tupu. Mashine ya kumenya kahawa tuliifunga juu ya mkokoteni ikawa chombo cha angani, na gurudumu lake lilipozungushwa kwa kasi lilitoa mngurumo uliowakimbiza kuku wa padri. Sufuria zilikuwa kofia. Karatasi za kung'aa za pakiti za sigara tulizibandika kwenye viroba vya mbolea zikawa mavazi. Mimi nilivaa pazia jekundu la mama, ambalo hajui mpaka leo lilichanikaje. Mabishano yalikuwa juu ya magunia tu. Wenzangu walitaka yajazwe majani makavu ya migomba. Kaka alikataa katakata.

"Watu wa hapa wanajua mzigo," alisema. "Ukiwaletea gunia la uongo watakuzomea kabla hujageuka. Tieni mchanga."

Tukatia mchanga. Mabinti walioimba sauti ya kwanza walilalamika, nikawaambia kwenye nyota yangu hakuna malalamiko.

Siku ilipofika uwanja ulijaa hadi watoto wakapanda kwenye miti ya uzio. Bibi aliwekewa kigoda mbele kabisa, miguu ameifunika kanga. Mama alikaa nyuma yake. Nilichungulia kutoka darasani tulikojificha, nikitafuta koti moja tu, koti la kahawia la baba. Sikuliona. Nikachungulia tena, nikaliona! Alikuwa amesimama mwisho kabisa, mgongo ukutani pamoja na wazee wenzake, kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mkononi. Nilimrudia kaka mbio.

"Amekuja," nilimwambia.

Kaka aliirekebisha sufuria kichwani. "Vuta pumzi," alisema. "Unatetemeka wewe, au ni pazia?"

Chombo kiliingia uwanjani kikinguruma, watoto wakapiga mayowe, watu wazima nao wakapiga mayowe kisha wakajifanya wanakohoa. Wasafiri walishuka. Kaka akatoa salamu za watu wa dunia kwa sauti ya kujitutumua, akashangiliwa. Mimi nikatokea na pazia langu, bomba mgongoni, nikawakaribisha kwa tabasamu, na walipokaribia nikabonyeza. Maji yalitoka kwa nguvu kuliko nilivyotarajia. Walilowa wote, na safu ya mbele ikalowa, pamoja na mheshimiwa mmoja aliyekuja na suti kutoka mjini. Uwanja mzima ulicheka, na mimi nikajiona nimekuwa mrefu.

"Jina lako nani?" nilimuuliza wa kwanza.

"Sijui."

"Mama yako nani?"

"Sina."

Kicheko kikakatika. Nikamuuliza wa pili, wa tatu, na kila aliyesema hana mama, wanawake waliguna kwa pamoja. Nikajua nimewashika. Nikaamuru magunia yabebwe. Wakabeba, wakazunguka uwanja mara nyingi kuliko tulivyofanya kwenye mazoezi, kwa sababu nilinogewa. Nilipiga fimbo chini, nilifoka, niliwaita viumbe wasio na kwao. Jasho liliwatoka la kweli. Kaka ndiye aliyebeba gunia kubwa kuliko yote, na mbele ya bibi alijikwaa akapiga goti.

"Inuka!" nilinguruma. "Kwenye nyota yangu hakuna kupumzika!"

Hapo ndipo bibi alipoinuka yeye. Nilidhani amechoka kukaa. Akajikokota hadi kwenye uzio, akakwanyua kitu, akageuka na kuingia uwanjani, katikati ya nyota yangu. Mkononi alikuwa na isale.

Kwa asiyetujua, isale ni jani refu la kijani la mmea tunaoupanda mipakani mwa vihamba. Mtu aliyekosa, au anayemwombea mwingine aliyekosa, akikujia na isale, maneno yamekwisha hapo. Unasamehe. Hata kama ulikuwa umeapa, unasamehe. Anayelikataa isale amejitenga na watu, na balaa likimkuta hakuna atakayemwonea huruma. Nilikuwa nimewaona wanaume wenye vita vya miaka mingi juu ya mpaka wakilipokea huku meno yameumana.

Padri aliinuka nusu. "Bibi," alisema taratibu, "huu ni mchezo tu."

"Mchezo nimeuona, Padri," bibi alijibu bila kugeuka. "Na jasho nimeliona." Akafika mbele yangu. Hakuniita mjukuu. "Wewe mkubwa wa nyota, sijui hawa watoto walikukosea nini. Kama wamekosa, nakuombea msamaha kwa ajili yao. Wafungue."

"Bibi, kaa kwanza," nilinong'ona. "Bado onyesho la tatu. Wataokoka, kuna wimbo."

Alinyoosha mkono na jani lake, akabaki hivyo. Nilipandwa na hasira hadi masikio yakapiga kelele. Mazoezi yote yale! Wimbo wa sauti nne! Nikautazama uwanja nione nani ananicheka ili nimkumbuke baadaye, lakini hakuna aliyekuwa anacheka. Wazee wenye kata za mbege walikuwa wameacha kunywa. Hata watoto wa Dar, wasiojua isale ni nini, walinyamaza kwa kuwaona mama zao wamenyamaza. Walikuwa wananingoja. Kuwa Mtawala hakukunisaidia kitu. Nilikuwa binti wa Kirua mwenye pazia, na mbele yangu kuna isale.

Nikalipokea kwa mikono miwili.

"Nimesamehe," nilisema. "Tueni mizigo. Nendeni kwenu."

Magunia yakaanguka chini kwa kishindo, mchanga ukamwagika. Lakini wasafiri hawakuondoka. Walisimama wakitazamana, maskini, maana wimbo haujaimbwa na kwa mujibu wa karatasi yangu bado hawakumbuki chochote. Mwishowe binti mmoja wa sauti ya kwanza akaniuliza, kwa unyonge mkubwa, "Twende wapi? Hatukumbuki kwetu."

Ningeweza kumkumbatia. Kabla sijapata jibu, mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka kwenye umati. "Kwenu ni pale chini ya mfereji! Na mama yako ndiye mimi!" Akaingia uwanjani, akamvua sufuria, akampangusa uso kwa kanga na kumvuta mkono. Basi ikawa vurugu. "Na wewe kwenu ni juu ya zahanati!" "Na huyu ni wa kwetu, nyumba yenye bati jipya!" Watu waliingia uwanjani kila upande kuwachukua watu wao, wengine wanacheka, wengine niliwaona wanalia waziwazi. Kijana mmoja aligombewa na bibi zake wawili, wa upande wa baba na wa upande wa mama. Sijawahi kufurahi vile. Sikuwa nimeandika hata neno moja la hayo, na yalikuwa mazuri kuliko kila nililoandika.

Kisha nikaona kaka amebaki peke yake.

Alikuwa amesimama kando ya gunia lake, sufuria kichwani, mikono haijui ikae wapi. Kelele zikapungua. Kirua nzima ilijua kwao ni wapi, na ndiyo maana hakuna aliyesema. Hilo lilikuwa neno la mtu mmoja tu. Mama aliinuka, akaketi tena, akashika mdomo. Sikuthubutu kutazama kule ukutani.

"Na wewe, nahodha?" nilimuuliza. Sauti ya Mtawala ilikuwa imeniishia. "Kwenu ni wapi?"

Angeweza kusema hakumbuki, watu wangecheka kidogo na mambo yakaisha.

"Kwetu napakumbuka," alisema, na hakuwa anaigiza. "Niliharibu huko."

Nilisikia watu wakipisha. Baba alikuja akipita katikati yao, hana haraka, kata ya mbege bado ameishika, akasimama mbele ya mwanawe akamtazama kuanzia sufuria hadi viatu vya mlimani vilivyopasuka. Alikuwa amekonda, kaka. Nadhani baba aliliona hilo wakati ule ule nami nilipoliona. Akamwekea kata mkononi.

"Huyu ni wangu," aliwaambia watu, kana kwamba kuna mtu alikuwa amebisha. Kisha akamgeukia. "Kunywa. Na hiyo sufuria uivue, twende. Ile mibuni haitajipanda yenyewe."

Kaka alikunywa. Aliinua kata kwa haraka mpaka mbege ikammwagikia kifuani, na baba akajifanya anatazama pembeni. Nilimtafuta mama nishangilie naye, sikumwona. Alikuwa ameshatoka uwanjani, viatu mkononi, anakimbia peku kwenye njia ya kwetu ili afike kabla yao akampashie mwanawe mtori wa ndizi.