Nyumba ya Barbuda Isiyo na Majirani

Jumamosi nilialikwa chakula cha mchana katika hoteli moja ya Arlington, Marekani. Mwenyeji wetu, Mkenya mwenye tai, alikuwa akiuza nyumba za kifahari zitakazojengwa Barbuda, kisiwa kidogo cha Karibi. Si Barbados, kama jirani yangu mezani alivyodhani.

Mzee mmoja wa Mombasa alikuwa ameshatoa kalamu atie saini. Mkewe akaufunika mkono wake kwa kiganja, akamgeukia muuzaji.

"Majirani wa mpakani wako wapi? Kwetu shamba haliuzwi mpaka wao washuhudie."

"Mama, huko hakuna majirani. Ni private."

"Hakuna hata mmoja?"

Muuzaji akakohoa. "Kuna wenyeji wachache wanapiga kelele kwamba ardhi ni yao wote. Wameenda kortini tu."

"Basi hao ndio majirani. Walete washuhudie, tutie saini."

"Mama watoto," mumewe akanung'unika, "nimestaafu, nataka upepo wa bahari."

"Upepo uko Likoni kwa kaka yako, na huko utaamkiwa."

Mzee akairudisha kalamu mfukoni. Nadhani mawakili wa kisiwa kile wangali wanalitafuta swali ambalo mama huyu aliliuliza kabla chai haijaletwa.